Wahesabiwe wanaokwenda visiwani, na wahesabiwe wanaporudi

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua. Jumapili iliyopita mlichapisha makala kuhusu watalii wanaopanda meli kwenda kwenye hifadhi za barafu, kaskazini kabisa ya dunia. Siku mbili baadaye msomaji mmoja wa Tabata akaandika kwamba habari hizo hazituhusu, ni starehe za wenye fedha, na kwamba ni heri nafasi ile ingeandikiwa bei ya unga. Simlaumu. Lakini mimi nimefika huko. Sikulipa kwenda, nililipwa, na niliyoyaona yanatuhusu kuliko anavyodhani, hasa sisi wa pwani hii tunaopeleka watoto wetu visiwani kila sikukuu.

Mimi ni mzaliwa wa Mjimwema, Kigamboni. Baba yangu alikuwa mvuvi wa ngalawa, na kabla sijaota ndevu nilikuwa naijua njia ya kwenda kisiwa cha Sinda mchana na usiku. Mwaka 1988 nilipanda meli ya mizigo hapa bandarini nikiwa msaidizi wa jikoni, na tangu hapo sikuiacha bahari mpaka magoti yaliponikatalia. Miaka yangu ya mwisho kazini nilikuwa mwoka mikate katika meli ndogo ya watalii, ya aina ile iliyoundwa kupita kwenye maji yenye barafu. Msimu wangu wa mwisho ulikuwa Agosti na Septemba 2022. Tulikuwa tunaondoka Iceland, tunavuka mlango wa bahari, tunaingia Hifadhi ya Taifa ya Kaskazini Mashariki ya Greenland.

Wasomaji wengi hawajapata kuisikia, kwa hiyo niseme ukubwa wake kwa kipimo tunachokijua. Sisi tunajivunia Hifadhi ya Nyerere, yenye kilomita za mraba 30,893, na ni haki yetu kujivunia. Ile ya Greenland ina kilomita za mraba 972,000. Ichukue Tanzania nzima, Bara na Visiwani, pamoja na maziwa yake yote, uitandaze juu yake: itaenea, na nafasi itabaki. Sehemu kubwa ni barafu ya milele ambayo hakuna wa kuikanyaga. Na katika nchi yote hiyo hakuna kijiji hata kimoja. Wanaokaa humo ni watu wachache tu wa vituo vya hali ya hewa na vya utafiti, pamoja na kikosi cha askari wa Denmaki kiitwacho Sirius, askari kumi na wawili, ambao majira ya baridi huzunguka wawili wawili na magari ya kuteleza yanayovutwa na mbwa. Kijiji cha karibu kiko nje ya mpaka, upande wa kusini. Kinaitwa Ittoqqortoormiit, na wakazi wake ni kama 350. Hata wao bahari huwafungia kwa miezi mingi ya mwaka, kwa sababu mkondo wa maji unaotoka ncha ya kaskazini huteremsha barafu kando ya pwani ile na kuziba njia. Meli kama yetu ilikuwa na wiki chache tu za kupita, kuanzia mwishoni mwa Julai hadi Septemba.

Nilikuwa naamka saa nane usiku kukanda unga. Jiko letu lilikuwa na dirisha moja la duara, na kwa dirisha hilo niliona mambo ambayo hadi leo nikimsimulia mke wangu hunitaka niyarudie. Milima ya barafu mikubwa kuliko majengo ya Posta, ya buluu kwa ndani, ikipita kimya kando ya meli. Fyordi nyembamba, yaani ghuba zinazoingia ndani ya nchi kwa kilomita mia na zaidi, zenye kuta za mawe mekundu, ya manjano na meusi, tabaka juu ya tabaka. Usiku wa Septemba mianga ya kijani hutandaa mbinguni na kucheza kama shuka inayokung'utwa. Mara ya kwanza kuiona niliacha mikate ikaungua kidogo, na mpishi mkuu hakunigombeza, kwa sababu naye alikuwa ametoka nje.

Lakini hayo siyo yaliyonifanya nishike kalamu. Nilishika kalamu kwa ajili ya ubao.

Kwenye mlango wa kutokea, pale abiria wanaposhukia boti za mpira, palikuwa na ubao uliopigiliwa misumari kwa safu. Kila msumari ulining'iniza kibati chenye namba, upande mmoja mweupe, upande wa pili mwekundu. Kila mtu melini alikuwa na namba yake. Ukitoka, unageuza kibati chako kiwe chekundu. Ukirudi, unakigeuza kiwe cheupe, wewe mwenyewe, kwa mkono wako, mbele ya mtu aliyesimama pale. Meli haing'oi nanga mpaka ubao wote uwe mweupe. Ndiyo hivyo tu, hakuna mtambo wala kompyuta. Ubao, misumari na vibati.

Jioni moja ndani ya fyordi iitwayo Kong Oscar, boti zote zilikwisha kupandishwa, upepo umeanza kuvuma kutoka kwenye barafu, nahodha anataka kuondoka. Kibati kimoja kilikuwa chekundu. Kiongozi wa msafara akatangaza namba ile kwenye vipaza sauti mara mbili, kimya. Akarudisha boti majini, waongozaji wawili wenye bunduki wakaelekea ufukweni kutafuta. Wengine walipita kabini kwa kabini. Sisi wa jikoni tuliambiwa tuangalie hata stoo. Baada ya dakika arobaini mzee yule alipatikana bafuni kwake. Alikuwa amerudi zamani, akasahau kugeuza kibati. Meli nzima ilikuwa imesimama kwa ajili ya mtu aliyekuwa ndani yake. Nilitazamia nahodha afoke. Hakufoka. Alimpa mkono yule mzee, akamwomba ageuze kibati, kisha nanga ikang'olewa.

Na wako makini hivyo kwa sababu wanaijua hesabu ya huko. Mtu akisahauliwa ufukweni atakuwa na dubu weupe kwa jirani, na baridi itamuua hata kama dubu hatakuja. Msaada uko mbali mno. Mwaka uliofuata, nami nimeshastaafu, Septemba 2023, meli ya kitalii Ocean Explorer yenye watu 206 ilikwama kwenye tope ndani ya hifadhi ile ile, katika fyordi ya Alpefjord. Meli ya jeshi la majini la Denmaki iliyokuwa karibu zaidi ilikuwa umbali wa maili 1,200 za baharini. Baada ya siku tatu ndipo meli ya utafiti wa uvuvi ya Greenland ilipoivuta ikatoka, maji yalipojaa. Hakuna aliyeumia. Na wiki hiyo hiyo, tarehe 16 Septemba, mlima uliporomoka ndani ya fyordi ya Dickson na kuinua wimbi la kimo cha mita 200 hivi. Maji yale yalikwenda na kurudi ndani ya fyordi kwa siku tisa, na vifaa vya kupimia mitetemeko ya ardhi duniani kote vikayasikia. Yaliharibu kituo kwenye kisiwa cha Ella, kama kilomita 70 kutoka pale. Kwa bahati njema hapakuwa na mtu. Nilipozisoma habari hizo nilikaa kimya muda mrefu, kwa sababu ardhi ya kisiwa cha Ella ndiyo pekee niliyoikanyaga katika hifadhi ile.

Ilikuwa hivi. Mwisho wa msimu, wakubwa waliwaruhusu wafanyakazi wa chini washuke pia, kwa zamu. Sikuamini kwamba masharti ya abiria yangetuhusu sisi wapika mikate. Yalituhusu yote, neno kwa neno. Tuliketishwa tukaelezwa: hakuna kwenda peke yako, hakuna kuokota jiwe wala ua wala mfupa, hakuna kula ufukweni, mnyama akibadili mwendo kwa sababu yako basi umemkaribia mno. Kisha tukasafisha mabuti kwa brashi na dawa, na kila koti likapitishwa mashine ya kufyonza vumbi, mfuko kwa mfuko. Kwenye mfuko wa koti langu yule binti mwongozaji alitoa mbegu moja ya ubuyu. Nilikuwa nimebeba ubuyu kutoka Kariakoo, wa kunisahaulisha umbali. Nikamwambia, mwanangu, mbuyu hauoti kwenye barafu. Akaniambia kwa upole kwamba sharti halikuuliza kama itaota. Akaiweka kwenye kopo.

Nilifikiri sana kuhusu mbegu ile. Sisi Dar tunawajua kunguru weusi wanaonyakua vifaranga na kumaliza mayai ya ndege wengine. Hawakuwa wetu. Waliletwa Zanzibar kutoka Bara Hindi mwishoni mwa karne ya 19 ili wale taka, na aliyewaleta naye hakudhani watakuja kututawala. Yule binti alikuwa na haki.

Kabla yetu walishuka waongozaji wanne wenye bunduki, wakapanda vilima, wakasimama kila upande. Ndipo tukaruhusiwa, boti moja watu kumi, hata kama wa kumi na moja ni mwembamba. Hakuna mti unaokufika kiunoni. Kuna mimea midogo inayotambaa chini ya kifundo cha mguu, na Septemba majani yake huwa mekundu, nchi nzima kama imetandikwa kanga. Mbali kwenye mteremko tuliwaona ng'ombe-miski watano, manyoya yanaburuza, wamekusanyika migongo ndani na pembe nje. Kiongozi akatuketisha chini tulipokuwa. Hatukusogea hata hatua. Saa moja baadaye tukarudi, nikageuza kibati changu, namba 131, kikawa cheupe.

Nitaje na hili. Siku nyingine dubu alionekana ufukweni kabla ya kushuka. Abiria walikuwa wamevaa tayari, wamelipa maelfu ya dola, wengine wamesafiri nusu ya dunia kwa ajili ya asubuhi ile. Kiongozi wa msafara akasema hatushuki. Hakuna aliyerudishiwa fedha na hakuna aliyebishana. Huko Svalbard, visiwa vya Norwe, wameliandika kabisa katika sheria: tangu 1 Januari 2025 meli inayoingia maeneo yaliyohifadhiwa isizidi abiria 200, na dubu asikaribiwe chini ya mita 300, au chini ya mita 500 kati ya Machi na Juni.

Sasa nirudi nyumbani, Mhariri.

Hifadhi ile ya Greenland ilitangazwa mwaka 1974. Sisi mwaka 1975, mwaka mmoja tu nyuma yao, tulivitenga visiwa vya Bongoyo, Mbudya, Pangavini na Fungu Yasini viwe maeneo tengefu ya bahari. Wazee wetu waliona mbali. Nimemwona kaa wa nazi Mbudya kwa macho yangu, mnyama adimu, mkubwa kama sufuria ya wali. Hatukuchelewa kutenga. Tumechelewa kuhesabu.

Sikukuu iliyopita mjukuu wangu, binti wa miaka kumi na minne, alikwenda na mama yake na shangazi zake kwenye kisiwa kimojawapo hapa Dar. Kisiwa sikitaji, wala mwenye boti simtaji, kwa sababu nijuavyo boti nyingi hufanya vivyo hivyo. Walikwenda watu kumi na mmoja wa familia, katika boti iliyobeba zaidi ya thelathini. Majaketi ya kuokolea yalikuwa kumi na mawili, yamefungwa kamba chini ya benchi. Jioni saa kumi na moja upepo wa kusi ukaanza kuchafua maji, na wenye boti wakaanza kuita haraka haraka. Aliyeko karibu akapanda. Mama yake alidhani mtoto yuko boti ya pili na shangazi. Shangazi alidhani yuko boti ya kwanza na mama. Walipokutana bara, saa kumi na mbili na nusu, giza linaingia, ndipo walipotazamana.

Wakamwendea mwenye boti. Akauliza, "Mlikuwa wangapi?" Yeye ndiye aliyekusanya nauli, na hakujua amebeba watu wangapi kwenda wala wangapi kurudi. Akasema mafuta yamekwisha na bahari imeharibika, kesho asubuhi atamfuata. Kesho asubuhi, Mhariri, kwa mtoto wa kike wa miaka kumi na minne, peke yake kisiwani usiku. Mama yake alinipigia simu, na sauti ile sitaisahau. Aliyewasaidia ni kijana mvuvi, alikuwa akianza kwenda kuvua, akageuza omo bila kuuliza bei. Walimkuta mtoto ameketi kando ya mama mmoja mkaanga samaki aliyekuwa amebaki kulinda vyombo vyake, amejifunika kanga ya yule mama. Namshukuru Mungu, na wale wawili nawaombea kila swala. Lakini mtoto wangu aliokolewa na wema wa watu. Utaratibu haukuwapo.

Na sisi ni taifa lililokwisha kulia kwa sababu hii hii. Tarehe 20 Septemba 2018 kivuko cha MV Nyerere kilipinduka karibu na kisiwa cha Ukara, Ziwa Victoria. Kiliruhusiwa kubeba watu 101, na waliokufa walizidi 220. Kwa siku kadhaa hakuna aliyeweza kusema ni wangapi walikuwamo. Watu wa Ukara na Bugorora walikaa ufukweni wakihesabu waliokosekana nyumbani, mlango kwa mlango. Mzazi anayesubiri ufukweni asihesabu yeye. Hesabu iwe imekwisha kufanywa kabla boti haijaondoka.

Ninachoomba ni kidogo. Wenye mamlaka juu ya boti na visiwa hivi waweke sharti kwamba boti yoyote inayopeleka watu kisiwani iwe na ubao wa namba, na isiondoke kisiwani mpaka ubao umerudi mweupe wote. Kabla ya kupanda, nahodha asimame aseme dakika tano: boti ya mwisho ni saa ngapi, jaketi linavaliwa vipi, chupa tupu nani anazirudisha, matumbawe hayakanyagwi. Na kisiwa nacho kiwe na idadi ya watu kwa siku, ikitimia, milango ifungwe hadi kesho. Najua vijana wa boti watasema sikukuu ndiyo siku yao ya kula. Ni kweli, na mimi ni mtoto wa mvuvi, siwatakii njaa. Lakini ukibeba thelathini kwa boti ya kumi na tano huongezi riziki, unakopa. Wagawane zamu, na nauli ya sikukuu ipande kidogo kama lazima ipande. Mimi nitailipa.

Kuna atakayesema kwamba Wazungu wana bunduki na dubu na fedha, hatufanani. Mhariri, nimeueleza ubao ule jinsi ulivyo. Hauna cha Kizungu ndani yake. Mwezi uliopita nilichukua kipande cha plaiwudi, nikapigilia misumari ishirini, nikakata vibati kutoka kwenye kopo la rangi, nikavipaka rangi pande mbili. Fundi wa milango hapa jirani alinichongea fremu bure. Nilimpa kijana mmoja wa Mjimwema anayepeleka watu Sinda. Jumapili ya kwanza abiria walimcheka, ya pili wazazi walianza kumuuliza mbona kibati cha fulani bado chekundu. Jumapili ya tatu alinijia akitaka misumari ikaongezwe, nikamkatalia, kwa sababu boti yake ni ya watu ishirini.

Nimetengeneza mbao nyingine nne. Ziko barazani kwangu. Mwenye boti yeyote anayezitaka aulize Mjimwema kwa mzee mwoka mikate, ataonyeshwa. Silipishi.

Wako,
Baharia mstaafu,
Mjimwema, Kigamboni,
Dar es Salaam